Nani Alikuwa Hapa Kabla Yetu?

Mwaka 1993 nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya bweni huko Mkoa wa Kati. Jumamosi moja usiku iliniangukia zamu ya kuwasimamia wanafunzi walipokuwa wakitazama video katika bwalo la chakula. Ada ya Jumamosi ilikuwa sinema za karate, lakini kaseti iliyoletwa siku hiyo kutoka Nairobi ilikuwa ya Poltergeist, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1982 iliyoongozwa na Tobe Hooper na kuandikwa na Steven Spielberg pamoja na wenzake. Wavulana waliokuwa wakipiga mluzi mwanzoni walinyamaza kidogo kidogo, hata ikawa katika bwalo zima hakusikiki ila pumzi. Ilipofika pale majeneza yanapofumka kutoka ardhini na mifupa kuelea katika shimo lililochimbwa liwe bwawa la kuogelea, stima ikapotea.

Msomaji aliyepata kukaa bwenini anajua kilichofuata: mayowe, mabenchi kupinduka, na miguu mia sita kutafuta mlango mmoja. Nilipowasha tochi na kuwatuliza, sauti ya kijana wa kidato cha pili ikatoka nyuma kabisa: “Mwalimu, hao waliozikwa chini ya nyumba walikuwa akina nani?”

Nikamjibu kama ambavyo walimu wengi wangejibu. “Hiyo ni sinema tu. Nendeni mkalale.”

Jibu hilo limenisuta miaka mingi. Yule kijana aliuliza swali ambalo filamu yenyewe haikulijibu, nalo ndilo swali ambalo mtu anapaswa kuliuliza kila akiketi kutazama filamu ya aina hiyo. Sisi walimu tumezoea kuzitupa filamu za nyumba zenye mizuka katika pipa moja na upuuzi mwingine wa kigeni unaowaharibu vijana. Sikatai kwamba nyingi zinastahili pipa hilo. Hata hivyo, tukizitazama kwa makini tutaona kwamba aghalabu zinasimulia jambo moja tunalolifahamu vizuri mno katika nchi hii: mtu ameuziwa mahali bila kuambiwa yaliyotendeka pale.

Hebu tulitazame umbo lenyewe la hadithi. Familia inahamia katika nyumba kubwa kuliko uwezo wake, iliyouzwa kwa bei rahisi ajabu. Wenyeji wa mji hawasemi kitu, ila wanatazamana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wageni hao nao wanatambulikana kwa kutojua yale ambayo kila mtu anayajua. Siku za kwanza ni mlango unaojifunga, baridi katika chumba kimoja, mbwa asiyekubali kupanda ngazi. Hatimaye mama wa nyumba anakwenda maktaba au afisi ya kumbukumbu za ardhi, anafunua magazeti ya zamani, na hapo anaikuta habari: palikuwa na mauaji, au wagonjwa wa akili waliofungwa minyororo, au makaburi. Angalia, msomaji, kwamba kilele cha hadithi ni karatasi. Mzuka ulikuwa ukijaribu kusema kile ambacho mwuzaji alikinyamazia.

Nisije nikadhaniwa kuwa natia chumvi, jambo hili lilipata kufika mahakamani. Katika mji mdogo wa Nyack, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York, kulikuwa na nyumba ya kale ambayo mwenyewe alikuwa amesimulia hadharani, hata katika jarida lenye wasomaji wengi, kwamba ina mizuka. Baadaye akaiuza kwa dola 650,000 kwa mtu aliyetoka mjini New York, ambaye hakuwa na habari yoyote. Mnunuzi alipopata kuambiwa alitaka mkataba uvunjwe. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya jimbo iliamua kwamba, maadamu mwuzaji mwenyewe ndiye aliyeitangazia dunia kuwa nyumba yake ina mizuka, hawezi tena kuyakana maneno hayo. Kisheria, basi, nyumba ile ina mizuka, na mnunuzi ana haki ya kujitoa. Wanafunzi wa sheria huko Marekani husoma uamuzi huo mpaka leo, wakicheka. Lakini kiini chake hakichekeshi. Mahakama haikutaka kujua kama wafu hutembea usiku. Ilichoamua ni kwamba asiyekuwa mwenyeji hawezi kuyakagua mambo ya namna hiyo kwa macho yake, hata afungue kila kabati.

Japani wamekwenda mbali zaidi. Huko nyumba ambayo ndani yake mtu aliuawa au alijiua ina jina lake maalumu katika biashara ya majumba, bei yake hushuka, na wakala hutakiwa kumwambia mpangaji. Mwaka 2021 wizara inayohusika na ardhi ilitoa mwongozo wa kueleza ni vifo vipi vinavyopaswa kutajwa: kifo cha kawaida cha uzee au maradhi si lazima kitajwe, na kwa nyumba za kupanga inatosha kutaja mambo ya takriban miaka 3 iliyopita. Ukilijua hilo utaielewa vingine filamu ya Ju-on ya Takashi Shimizu, iliyotoka mwaka 2002, ambamo mume anamwua mkewe katika nyumba ya kawaida mjini Tokyo, na laana ikamshika kila anayevuka kizingiti, awe mpangaji, mwalimu au mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Kosa lao ni moja tu, kuingia bila kujua.

Kuhusu ufundi wa kutisha sitasema mengi. Anayetaka kuujifunza na aitazame The Haunting, filamu isiyo na rangi iliyoongozwa na Robert Wise mwaka 1963 kutokana na riwaya ya Shirley Jackson. Humo hatuonyeshwi mzuka hata mmoja. Tunasikia kishindo ukutani, tunaona mlango mzito wa mbao ukibinuka kuelekea ndani kana kwamba unapumua, basi. Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 1999, kwa fedha nyingi na mashine za kompyuta, kila kitu kilionyeshwa na hakuna aliyetishika. Bibi zetu, waliosimulia ngano za mazimwi moto ukiwa umekaribia kuzimika, wasingehitaji kuelezwa kwa nini.

Linalonishughulisha ni wafu. Katika kila filamu ya namna hii kuna mtu aliyekufa kabla hadithi haijaanza, na bila yeye hakuna filamu. Je, filamu inamtendeaje?

Chukua mfano wa The Amityville Horror, ambayo yamkini ndiyo nyumba yenye mizuka iliyojulikana zaidi duniani. Usiku wa Novemba 13, 1974, katika nyumba nambari 112 ya Ocean Avenue, mji wa Amityville katika Long Island, kijana wa miaka 23 aliyeitwa Ronald DeFeo aliwapiga risasi wazazi wake wote wawili na ndugu zake wanne wakiwa vitandani. Hilo ni kweli tupu. Alihukumiwa na akafia kifungoni mwaka 2021. Desemba 1975 familia nyingine ikainunua nyumba hiyo kwa dola 80,000, bei ya chini kwa nyumba ya ukubwa ule, na baada ya siku 28 ikatoka mbio ikidai kwamba imefukuzwa na nguvu za giza. Kitabu kikaandikwa mwaka 1977 kikidai kueleza mambo ya kweli. Filamu ikafuata mwaka 1979, na nyuma yake msururu wa filamu nyingine usiokatika hata leo. Mwaka huo huo wa 1979 wakili aliyemtetea DeFeo alieleza kwamba yeye na wanunuzi wa nyumba waliibuni hadithi ile wakiwa wameketi wakinywa mvinyo.

Kana kwamba hayo hayakutosha, kitabu kilidai kwamba Wahindi Wekundu wa kabila la Shinnecock walikuwa wakiwatupa pale wagonjwa na wendawazimu wao wafe. Washinnecock wenyewe ni watu wa mbali kule mashariki mwa kisiwa, na dai hilo halina msingi wowote. Tazama basi hesabu ilivyo. Watoto wanne waliouawa na ndugu yao, mdogo wao akiwa na miaka 9, wamegeuzwa kuwa pambo la uwongo. Kabila zima limesingiziwa ukatili ili uwongo huo upate mizizi. Na watu waliokuja kuishi katika nyumba hiyo baadaye, ambao hawakuona mzuka wowote, walisumbuliwa na watazamaji wa barabarani kiasi cha nambari ya nyumba kubadilishwa, hata na madirisha yake mashuhuri. Filamu za namna hii ndizo ninazokubali zitupwe, na sababu yangu haihusiani na kuogofya kwake. Zinawanyang’anya wafu kifo chao.

Hilo la makaburi ya Wahindi Wekundu lilikuja kuwa kama chumvi katika mapishi ya Hollywood. Stanley Kubrick alipotengeneza The Shining, iliyotoka mwaka 1980, alimfanya meneja wa hoteli ya Overlook aseme katika mazungumzo ya kawaida, akiwatembeza mlinzi mpya na mkewe, kwamba hoteli ilianza kujengwa mwaka 1907 juu ya makaburi ya Wahindi na kwamba wajenzi walilazimika kuyarudisha nyuma mashambulizi kadhaa. Jambo hilo halimo katika riwaya ya Stephen King ya mwaka 1977. Meneja analisema huku akitabasamu, kisha anaendelea na mazungumzo mengine. Wako wanaoona kwamba filamu nzima imo katika tabasamu hilo, na kwamba damu inayofurika kutoka katika lifti ni ya watu hao ambao hakuna anayewataja tena. Mimi naona Kubrick alijua alichokuwa akikifanya, lakini wafu wake walibaki sentensi moja tu. Mizuka inayopewa nyuso, nguo na mazungumzo katika Overlook ni ya wageni matajiri waliocheza dansi pale katika miaka ya 1920. Hata katika uzuka, wenye nchi hawakupata chumba.

Poltergeist ina ujanja zaidi. Mkubwa wa kampuni ya ujenzi anamwambia baba wa familia, ambaye ni mwajiriwa wake na kazi yake ni kuuza nyumba hizo hizo, kwamba makaburi yaliyokuwa pale si ya kabila la kale. Walikuwa watu wa kawaida tu, na wamekwisha kuhamishwa. Mwishoni inabainika kwamba kilichohamishwa ni mawe yenye majina. Miili iliachwa ilipokuwa, na nyumba zikajengwa juu yake. Nimeitazama filamu hiyo mara kadhaa tangu usiku ule wa 1993, na kila mara naona kwamba Mkenya anaielewa kuliko Mmarekani. Nani kati yetu hajasikia uwanja wa umma uliogeuka kuwa majumba ya mtu, na hati ikatolewa na afisi yenye muhuri? Ripoti ya Tume ya Ndung’u ya mwaka 2004 ilijaza kurasa kwa kurasa habari za ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria. Mwizi wa Poltergeist hana pembe wala mkia. Ana suti na ramani ya viwanja. Ila filamu yenyewe ilitenda kosa lile lile la mkubwa wa kampuni. Ilituonyesha mifupa, haikutuonyesha majina. Ndiyo maana kijana wangu wa kidato cha pili aliuliza.

Filamu iliyojaribu kujibu ilitoka mwaka 1992, na pamoja na kuwa ina damu nyingi kuliko ambavyo ningependa, naiona kuwa bora ya kundi lake. Hiyo ni Candyman, iliyoongozwa na Bernard Rose kutokana na hadithi fupi ya Mwingereza Clive Barker. Barker aliiweka hadithi yake katika mtaa wa maskini huko Uingereza. Rose akaihamishia Chicago, katika majumba ya ghorofa ya Cabrini-Green ambayo mamlaka ya nyumba ya mji huo iliyajenga kwa ajili ya watu wa mapato ya chini, na ambayo kufikia miaka hiyo wakazi wake walikuwa karibu wote watu weusi, wameachwa na lifti zilizokufa na askari wasiofika.

Msichana wa chuo kikuu, Helen, mwanamke mweupe, anafanya utafiti kuhusu hekaya za mijini. Anasikia wanawake wanaosafisha sakafu za chuo wakisema juu ya muuaji mwenye kulabu badala ya mkono, anayepita kwenye kioo. Anapochunguza anagundua jambo linalotisha kuliko kulabu. Jumba la fahari anamoishi yeye lilijengwa kwa ramani ile ile ya Cabrini-Green, likiwa limekusudiwa kuwa nyumba za maskini. Baadaye likapigwa lipu, likapakwa rangi, likauzwa ghali. Ukilitoa kabati la dawa lililo ukutani bafuni unaona upande wa pili kabati la jirani. Usione vyaelea, vimeundwa: kilichotenganisha nyumba yake na ya wale wanawake ni lipu na barabara kuu.

Kabati hilo halikubuniwa. Mnamo Aprili 22, 1987, katika majumba mengine ya serikali huko huko Chicago, yanayoitwa ABLA, mwanamke mweusi wa miaka 52 aliyeitwa Ruthie Mae McCoy aliwapigia polisi simu akisema kwamba watu wanataka kumwingilia kupitia bafuni. Polisi walikuja, wakabisha, hawakujibiwa, wakaenda zao. Siku 2 baadaye mlango ulipofunguliwa alikutwa amekufa kwa risasi. Wauaji walikuwa wamepita katika nafasi ya mabomba iliyo nyuma ya kabati la dawa, kati ya nyumba mbili zinazopakana. Ilikuwa njia inayojulikana na kila mkazi. Gazeti la Chicago Reader liliandika habari zake kwa kirefu mwaka huo. Aliposema wanatoka ukutani, ilikuwa rahisi kumdhania kuwa kichwa chake si kizima, naye kwa kweli alikuwa na historia ya maradhi ya akili. Fikiri juu ya hilo, msomaji. Mwanamke anapiga simu akisema kuna watu wanatoka katika kioo, na anasema kweli.

Filamu inampa mzuka wake historia. Alikuwa mwana wa mtumwa, msomi na mchoraji hodari, aliyependana na binti mweupe ambaye aliajiriwa kumchora. Baba wa binti akakodi genge, likamkata mkono kwa msumeno, likampaka asali ili nyuki wamwue, kisha majivu yake yakatawanywa mahali ambapo baadaye Cabrini-Green ilijengwa. Hekaya hii ni ya kutunga, lakini watu waliouawa kwa namna hiyo katika Marekani ya karne ya 19 na ya 20 si wa kutunga. Hata hivyo, nina lawama moja: katika filamu nzima ya 1992 mtu huyo hana jina lake mwenyewe, ana lakabu tu. Ilibidi kungoja filamu ya pili, ya mwaka 1995, ndipo tuambiwe aliitwa Daniel Robitaille. Ghorofa za Cabrini-Green zilibomolewa moja baada ya moja, ya mwisho mwaka 2011. Nia DaCosta alipotengeneza filamu mpya ya Candyman iliyotoka mwaka 2021 alianzia hapo hapo, katika mtaa uliofutwa na kujazwa nyumba za wenye fedha, akauliza kama kubomoa jengo kunatosha.

Walimu wa fasihi watataka nimtaje Toni Morrison, nami siwezi kumwacha. Nyumba nambari 124 katika Beloved, riwaya ya mwaka 1987, ina mzuka wa mtoto mchanga, na mama anajua vyema mzuka huo ni wa nani, kwa sababu ni yeye aliyemwua ili asirudishwe utumwani. Morrison alianzia katika tukio la kweli. Januari 1856 Margaret Garner alitoroka Kentucky pamoja na jamaa zake, wakavuka mto Ohio ulioganda kwa barafu hadi Cincinnati, na walipozingirwa na wenye kuwasaka akamchinja binti yake wa miaka 2. Jonathan Demme aliitengenezea riwaya hiyo filamu mwaka 1998, Oprah Winfrey akiwa mama huyo. Haikufanya vizuri sokoni; filamu ya mwanasesere muuaji iliyoanza kuonyeshwa siku ile ile ilivutia watazamaji wengi zaidi mwishoni mwa wiki hiyo. Watu hulipa kwa furaha kuogofywa na kitu kisichowahusu.

Na sasa nitaje filamu inayotugusa sisi majirani wa Sudan Kusini. His House, ya mwongozaji Mwingereza Remi Weekes, ilitoka mwaka 2020. Bol na mkewe Rial wamekimbia vita, wamevuka bahari, na serikali ya Uingereza imewapa nyumba chakavu wakae humo wakingoja uamuzi kuhusu hifadhi yao. Wamekatazwa kuhama. Usiku kuta zinasema. Mtazamaji aliyezoea aina hii anasubiri aambiwe kwamba nyumba ile ilijengwa juu ya makaburi, au kwamba Mwingereza fulani aliwahi kuua mtu ngazini. Hakuna. Nyumba haina hatia yoyote. Waliokuja wakaaji ndio waliokuja na wafu wao, na hasa msichana mmoja, Nyagak, aliyezama baharini. Tunadhani ni binti yao mpaka tunapojua alivyochukuliwa: basi la kutorokea lilikuwa likiwapakia wenye watoto tu, Bol akamnyakua mtoto wa mwenzake, na mama mzazi akaachwa akipiga mayowe vumbini.

Sijaona filamu nyingine inayoigeuza desturi hii kwa namna hiyo. Mwisho wake, Bol anawaambia maafisa wa serikali kwamba mizuka haikuondoka, inaishi pamoja nao. Kisha tunaonyeshwa chumba kimejaa watu wamesimama kimya, kila mmoja na uso wake.

Nairobi pia ina jengo linalostahili kutajwa hapa. Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, Wakenya wamepiga foleni miaka na miaka katika Nyayo House wakitafuta pasipoti. Chini ya miguu yao, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mlikuwa na vyumba vyenye giza ambamo walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya walifungiwa uchi, wakamwagiwa maji, wakanyimwa chakula, kisha wakapandishwa kwa lifti kwenda kuhojiwa juu. Vyumba hivyo vilifunguliwa umma uvione mwaka 2003. Waliopita humo wana majina, wametoa ushahidi, na mahakama zimeamuru baadhi yao walipwe fidia. Mwanafunzi anayetaka kuandika tamthilia ya kutisha hana haja ya kuazima kaburi la Mhindi Mwekundu.

Wala hana haja ya kwenda Nairobi. Ni shule ngapi za bweni katika nchi hii ambazo wanafunzi wake huambiana kwamba bweni fulani lilijengwa juu ya makaburi, na kwamba usiku wa manane husikika viatu vya askari vikipita? Tuliokuwa walimu tulizoea kuwachapa waliozieneza hadithi hizo. Lakini Shule ya Upili ya Mweru na Shule ya Wasichana ya Kangubiri, zote za Nyeri, zipo mahali palipokuwa na kambi za kazi za enzi ya hali ya hatari, ambamo wakoloni waliwafungia watu walioshukiwa kuwa Mau Mau, na baadhi ya majengo ya wakati huo yamebaki yamesimama miongoni mwa madarasa. Mtoto anayesema amesikia viatu vya askari katika mahali kama hapo huenda anarudia kitu alichosema mtu aliyevisikia kweli, ijapokuwa kimepita katika vinywa vingi hata kikapoteza tarehe.

Wiki moja baada ya usiku wa Poltergeist nilikwenda jikoni alfajiri kumwona mpishi wetu, mzee aliyekuwa pale tangu shule ilipofunguliwa. Nikamwambia, “Mzee, wanafunzi wanasema bweni la chini lilijengwa juu ya makaburi. Ni kweli?”

Akacheka. “Makaburi ya nani, Mwalimu? Hapa palikuwa na maboma mawili, moja juu na moja chini. Mwaka wa 1954 watu wote wa ukingo huu walitolewa wakapelekwa kijijini, kule kuliko na handaki.” Alikuwa akisema juu ya amri ya serikali ya kikoloni iliyowahamisha zaidi ya watu milioni 1 wa Mkoa wa Kati wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa kwa bunduki. “Nyumba zilichomwa wakiziona. Waliporudi ardhi ilikuwa imekwisha kupimwa upya, na kipande hiki kimetengewa shule. Wa boma la chini alikwenda Bonde la Ufa, hatukumsikia tena.”

Akanitajia majina ya wenye maboma yote mawili, pamoja na ya wake zao, nami nikayaandika katika daftari la maandalio ya somo.

“Na huyo mama unayenunua sukumawiki kwake pale langoni,” akasema huku akiukoroga uji wa wanafunzi, “ni binti wa boma la juu. Hujapata kumwuliza?”